Carina Ti ya 1999: nimefanya miguu kwa laki sita na ushee, sasa inashika barabara

Mwana_Soni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu wa miguu ya gari (springi, shokapu, bushi na jointi) ni kwa mwenye gari ya miaka ishirini na kitu ambayo injini bado nzima, bodi bado nzima, ila ukiingia nayo kwenye kona unakaza mikono kwenye usukani mpaka vidole vinakufa ganzi. Yangu ni Carina Ti, AT212, injini 5A ya 1500. Naishi Dar, kwetu ni Lushoto.

Anayeijua barabara ya Mombo kwenda Lushoto kupitia Soni ananielewa. Ni kilomita thelathini na ushee za kona tupu, mlima upande huu, korongo upande ule, na malori ya kabichi na karoti yanashuka yakiwahi soko la Dar. Desemba ya mwaka juzi nilikuwa napanda, mama amekaa nyuma. Kwenye kona moja kabla ya Soni lori likatokea limekula upande wangu. Nikakata kushoto. Gari ikalala, ikasita, halafu mkia ukafuata baadaye, kama watu wawili waliobeba kitanda na wa nyuma hajajua kwamba mwenzake ameshageuka. Tulipita salama. Mama hakupiga kelele, aliuliza tu, "Mwanangu, gari hii ina nini?"

Sikuwa na jibu, na hilo liliniuma, kwa sababu mwaka mmoja kabla nilishatoa hela kwa tatizo hilohilo. Niliipeleka gereji moja nikasema inagonga miguu na inagusa matuta. Haikupimwa. Nikaambiwa shokapu zimekufa, nikauziwa mbili za mbele za used, na juu ya shokapu zote nne zikawekwa spesa (vipande vya kuinulia gari), gari ikapanda. Wiki mbili nilifurahi. Baada ya hapo kugonga kukarudi na kuyumba kukazidi.

Sasa nimeshasoma, nimeshauliza, nimeshalala chini ya gari, na ninachotaka mkishike ni huu mpangilio: jointi na bushi kwanza, shokapu baadaye, alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa tairi) mwisho, na springi usiiguse kama haijalala au kukatika. Ukigeuza mpangilio utalipa mara mbili kama mimi.

Springi inabeba uzito wa gari. Shokapu haibebi gari, inaizuia springi isiendelee kurukaruka baada ya shimo. Bushi na jointi ndizo zinazoilazimisha tairi ielekee pale usukani ulipoiambia. Bushi ikichanika, tairi inajichagulia mwelekeo: ukikanyaga breki inarudi nyuma kidogo, ukikata kona inapinda kidogo, na wewe kwenye usukani unasikia gari inachelewa kuitika. Shokapu ya bei yoyote ile haiwezi kuziba hilo.

Jinsi nilivyopima mwenyewe uani. Weka gari sehemu ya tambarare, zuia tairi za nyuma kwa mawe, inua mbele kwa jeki na uweke stendi au gogo imara, usiamini jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, sukuma na vuta. Ikicheza, mwambie mtu akanyage breki, kisha tikisa tena. Mchezo ukipotea kwa breki, shida ni beringi ya tairi. Ukibaki, angalia boli jointi ya chini. Halafu shika kushoto na kulia: ikicheza hapo angalia tairodi na rakiendi, vyuma vinavyopeleka usukani kwenye tairi. Kisha chukua mtaimbo mdogo, ingiza kati ya loa amu (mkono wa chini unaoshika tairi) na chasisi, pinda taratibu huku unamulika na tochi. Bushi nzima inajivuta na kurudi. Yangu ya kulia ilifunguka kama mdomo, chuma cha katikati kinaelea peke yake, raba imebaki ukingoni. Kwa nje ilionekana nzima kabisa. Picha hiyo sitaisahau, maana nilikuwa nimeshatembea nayo mwaka mzima.

Nilichokuta jumla: bushi za loa amu zote nne zimekwisha, stabilaiza linki (vijiti vya fimbo inayozuia gari isilale) zote mbili zinagonga ukizitikisa kwa mkono, boli jointi ya kushoto ina mchezo, na shokapu ya nyuma kulia imelowa oili hadi chini.

Hela nilitoa kwa mafungu ya miezi mitatu. Mwezi wa kwanza bushi, linki na boli jointi za pande zote mbili, laki na nusu. Mwezi wa pili shokapu mpya za mbele, laki moja na tisini jozi. Mwezi wa tatu za nyuma, laki moja na sabini. Ufundi wote elfu tisini, alaimenti elfu thelathini. Inakuja laki sita na thelathini. Hizo ni bei nilizolipa mimi baada ya kuzunguka Kariakoo na Ilala siku mbili, wewe utapata zako. Shokapu za used sinunui tena. Unanunua kitu ambacho hujui kimebakiza nini.

Kitu kimoja nawaomba mkisimamie kwa macho yenu gereji. Bushi hizi ni bomba mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, katikati raba iliyogandishwa kwenye zote mbili. Chuma cha ndani hakizunguki kwenye bolti, raba yenyewe ndiyo inayojipinda mguu ukipanda na kushuka. Fundi akikaza bolti ya bushi gari ikiwa juu ya jeki na tairi inaning'inia, raba inajifunga katika hali ya mguu ulioshuka. Ukishusha gari chini tayari imejipinda, na itabaki imejipinda muda wote mpaka ichanike. Ndiyo maana watu wanasema "bushi za siku hizi hazidumu". Nilimwomba fundi akaze kwa mkono tu, tukashusha gari juu ya vipande vya mbao viwili kila tairi ili apate nafasi ya kuingiza mkono, tukaitikisa ikae vizuri, ndipo akakaza kabisa. Ilituchukua dakika ishirini za ziada. Alikubali bila ubishi nilipomweleza sababu, na nimesikia sasa anafanya hivyo kwa wengine.

Baada ya hapo spesa zikatolewa, alaimenti ikapimwa tairi zote nne. Maswali karibuni.

Kijana_wa_Tabata

Mkuu shukrani sana, uzi umekwenda shule. Mimi nina Sprinter, nataka ikae chini ishike barabara. Fundi amesema tukate springi mzunguko mmoja kila upande, bei ya kukata ni ndogo kuliko soda. Unasemaje?

Mwana_Soni

Mdogo wangu, usikate. Hesabu yake hii. Springi ikiwa na mizunguko sita inayofanya kazi ukakata mmoja, zinabaki mitano, na ugumu wake unapanda kwa asilimia ishirini. Hilo ndilo wanalolipenda wakataji, kona ya kwanza utahisi gari imekaza. Lakini umeipunguzia pia nafasi ya kushuka. Tuta la kwanza na abiria wanne nyuma, shokapu inafika mwisho na kugonga raba ya kizuizi. Gari ikigonga kizuizi katikati ya kona, mguu huo kwa muda huo hauna springi kabisa na tairi inaruka. Pia shokapu yako ilitengenezwa kufanya kazi katikati ya urefu wake, sasa inaishi chini muda wote na itakufa mapema. Na gari ikining'inia springi fupi inaweza kucheza kwenye kikombe chake.

Wanaochoma kwa gesi ili ilale ni hatari zaidi. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kwa moto uliopimwa kiwandani, ukikichoma kiholela unakiondolea.

Hela ya kukata weka kwenye stabilaiza linki. Utaona tofauti siku hiyohiyo.

Dada_Kinyerezi

Kaka habari. Umeongea vizuri ila kuhusu spesa nina neno. Mimi nakaa Kinyerezi ndani, barabara ya mitaa ni mawe na makorongo ya mvua. Bila spesa nagusa chini kila siku, nimeshapasua sampo (bakuli la oili chini ya injini) mara moja. Wewe unaendesha lami ya Lushoto, sisi wengine tufanyeje?

Mwana_Soni

Dada yangu, una haki kabisa na sikusudii kukuambia utoe kesho. Sampo ikipasuka na oili ikamwagika, injini yote inaondoka, hiyo ni gharama kubwa kuliko kona yoyote.

Ila naomba upime kitu kabla. Chukua futi, pima kutoka katikati ya rimu kwenda juu hadi ukingo wa fenda, pande zote nne, gari ikiwa tupu. Linganisha kushoto na kulia. Kisha tafuta gari nyingine kama yako ambayo haijaguswa upime pia. Gari za umri huu nyingi springi zimelala, unakuta imeshuka sentimita tatu au nne bila mwenyewe kujua. Kama ndivyo, springi nzima zitakurudishia kimo cha kiwandani bila spesa, na gari itabeba mzigo vizuri. Hapo ndipo pekee ambapo naruhusu springi iguswe.

Ukibaki na spesa, zisiwe nene. Kila unavyoinua, shafti za mbele zinakaa kwa pembe kali zaidi na raba zinazofunika jointi zake (siivii) zinachanika haraka, uzito unapanda juu na gari inalala zaidi kwenye kona. Hakikisha baada ya kuweka umepima alaimenti, wengi hawapimi. Na fundi wa kuchomelea akufungie bati nene chini ya injini, lenye matundu ya kupitisha hewa na tundu la kumwagia oili.

Dada_Kinyerezi

Nimepima leo asubuhi. Nyuma kulia iko chini kwa sentimita mbili na nusu kuliko kushoto. Kumbe ndiyo maana inavuta. Asante kaka.

Mzee_Gereji_Tanga

Vijana hamjambo. Nimefanya kazi ya miguu ya magari tangu enzi za Datsun na Peugeot 504, sasa nimepumzika. Mwandishi ameandika vizuri, naongeza mawili.

La kwanza ni uhai wenu. Shokapu ya mbele ya hizi Toyota imevalishwa springi ikiwa imebanwa kwa nguvu. Nati ile ya katikati juu, mkifungua boneti mnaiona. Nati hiyo ni marufuku kuifungua kabla springi haijabanwa na vibanio vyake viwili vinavyotazamana. Nimeona kijana amefunga springi kwa mnyororo na waya, ukakatika, kikombe cha juu kikampiga taya. Alipona, lakini meno matatu hakuyapata tena. Kama gereji haina vibanio, ondokeni na gari yenu.

La pili. Shokapu mpya ikitoka kwenye boksi imelala muda mrefu dukani, hewa imechanganyika na oili ndani. Isimamishe wima, ivute hadi mwisho na uishindilie hadi mwisho, mara tano au sita, mpaka uhisi inakaza sawasawa bila kuruka katikati. Ukiifunga bila kufanya hivyo italegea siku za mwanzo na utamtukana muuzaji bure. Na ukiwa umefungua, badilisha beringi ya juu kama inakwaruza. Usukani usiorudi wenyewe baada ya kona mara nyingi unatoka hapo, watu wanabadilisha steringi boksi bila sababu.

Mwana_Soni

Shikamoo mzee wangu. Hilo la kuishindilia shokapu sikulijua, na za mbele zilifungwa moja kwa moja kutoka kwenye boksi. Kuhusu beringi ya juu, yangu ya kushoto ilikuwa inalia kama mlango wa bati, tukabadilisha.

Mzee_Gereji_Tanga

Marahaba mwanangu. Hizo zimeshajitoa hewa zenyewe barabarani, usihangaike.

Kaka_wa_Umoja

Salamu kutoka Nairobi. Naendesha Corolla 110 ya babangu, bushi na shokapu nimeshabadilisha zote, nilinunua Kirinyaga Road. Makanika ananiambia niweke stabilaiza nene ya mbele kutoka gari kubwa ili isilale kwenye kona. Nifanye?

Mwana_Soni

Karibu ndugu yangu. Stabilaiza ni fimbo ya chuma inayounganisha mguu wa kushoto na wa kulia, gari ikilala inajisokota na kuikataza. Nguvu yake inapanda kwa kipeo cha nne cha unene, yaani unene mara unene mara unene mara unene. Kutoka milimita 20 kwenda 22 unaona ni tofauti ya kucha, lakini ugumu unaongezeka kwa karibu asilimia 46. Kwa hiyo si jambo la kubahatisha.

Na upande ni muhimu. Corolla na Carina zinavutwa na tairi za mbele, na kwa kawaida ukizidisha kwenye kona zinateleza kwa pua, unakata usukani lakini gari inaendelea mbele. Ukiongeza unene mbele tu, kulala kutapungua lakini pua itateleza mapema zaidi. Wanaotaka gari igeuke wanaongeza nyuma. Ila nyuma ukizidisha, mkia unakuwa mwepesi, na kwenye lami yenye utelezi au murramu mkia ukishaondoka dereva wa kawaida hairudishi. Mimi nina mama nyuma, sikuweka. Angalia kwanza kama raba zinazoshikilia stabilaiza yako kwenye chasisi hazijalika. Zangu zilikuwa na nafasi ya kupitisha kidole, ina maana fimbo ilikuwa inaanza kazi gari ikiwa imeshalala. Raba hizo ni rahisi kuliko kitu chochote kwenye uzi huu.

Kijana_wa_Tabata

Mkuu na tairi? Nataka niweke rimu za 15.

Mwana_Soni

Tairi ndiyo ilipaswa kuwa ya kwanza kabisa kwenye uzi, nimekosea kuichelewesha. Tazama ubavuni mwa tairi mwisho wa maandishi ya DOT kuna tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zangu mbili zilikuwa za 2014, kashata bado ipo lakini raba imekauka kama soli ya kiatu cha zamani. Tairi ya namna hiyo hata ukiifungia miguu ya gari ya mashindano haishiki, hasa lami ikilowa. Upepo jaza kwa kipimo cha stika ya mlangoni, asubuhi tairi ikiwa baridi, usimwachie wa pembeni ya barabara akujazie kwa kukadiria.

Kuhusu rimu, mimi nina 185/65R14. Kimo cha tairi hiyo kutoka chini hadi juu ni milimita 596. Ukienda 195/55R15 unapata 595, kwa hiyo spidomita haidanganyi na haigusi fenda. Ila ubavu unakuwa mfupi, kona inakaza, shimo nalo unalisikia mgongoni na rimu inapinda kirahisi. Kwa barabara za Tabata ningebaki na 14.

Tazama pia jinsi tairi inavyolika. Mabonde mabonde kuzunguka tairi, ukipitisha kiganja unayahisi, mara nyingi ni shokapu. Ikilika ukingo wa ndani tu ni alaimenti au bushi.

Spana_Moro

Nyote mnapoteza muda. Uza hiyo Carina, ongeza hela, chukua Mark II Grande, ile ina miguu ya mikono miwili juu na chini, kona ni zake.

Mwana_Soni

Ni kweli Grande ina mikono miwili mbele na nyuma, sibishi. Lakini hesabu bushi zake na boli jointi zake kwa gari yenye umri uleule, ni karibu mara mbili ya zangu. Grande iliyochoka inayumba kuliko Ti iliyotengenezwa. Mwenye Grande afuate mpangilio huuhuu.

Mwana_Soni (mrejesho)

Wakuu, nimerudi jana kutoka Lushoto, nikaona niwape mrejesho.

Nilisimama Mombo, nikapima upepo, nikaanza kupanda kama saa tisa alasiri, lami imelowa kidogo. Ile kona ya kabla ya Soni nimeipita kwa mwendo uleule wa mwaka juzi, makusudi, barabara ikiwa wazi. Unakata usukani na mkia unakuja na wewe hapohapo. Gari bado inalala kiasi, ni Carina, lakini inalala mara moja na kutulia, haisiti katikati. Breki ya kushuka ndiyo imenishangaza zaidi. Zamani ukikanyaga ukiwa unateremka usukani ulivuta kulia, nilidhani ni kalipa ya breki. Ilikuwa bushi.

Kilichobaki: kuna kugonga kidogo nyuma kushoto kwenye mashimo madogo ya mfululizo, nadhani ni raba ya juu ya shokapu, nitaifungua mwisho wa mwezi. Bolti zote za miguu nilizikagua baada ya kilomita elfu moja, moja ya stabilaiza linki ilikuwa imelegea robo mzunguko. Kagueni zenu.

Mama alikaa palepale nyuma, amepakata kapu la pea kutoka Soni hadi nyumbani. Hakuuliza kitu.